Barabara ya Kwenda Iron Bay

Marlene Lahti alijua kuna jambo aliposikia mlango wa nyuma ukifunguliwa kabla viazi havijaiva. Siku ya mechi ya ugenini Dale hakuwahi kurudi mapema hivyo. Aligeuka na mwiko mkononi, akamwona mwanawe amesimama mlangoni na begi la hoki ya barafuni begani, theluji imemganda kwenye nyusi.

"Mmeshacheza?"

"Hatukufika." Dale aliliteremsha begi polepole, kana kwamba ndani mna mayai. "Nimegeuza gari, mama. Pale mlimani kabla ya daraja. Nilikuwa sioni hata boneti."

"Na wenzako?"

"Wazima wote. Nimemshusha kila mtu kwao. Kipa wetu alikuwa analia kiti cha nyuma, anajifanya anakohoa. Wakamwacha akohoe."

Marlene alimshika shavu. Lilikuwa baridi kama kioo cha dirisha. Alimwambia amefanya vizuri, na aliamini hivyo, lakini kulikuwa na neno jingine lililomjia kooni akalimeza. Dale alilisema mwenyewe.

"Hii ni ya pili, mama."

Katika mji wa Copper Landing hapakuwa na nyumba iliyohitaji kuelezwa maana ya maneno hayo, na hii ya Lahti ndiyo kabisa. Shirikisho la Hoki la Vyuo vya Kaskazini lilizaliwa kwenye meza ile ile ya jikoni, Dale hajazaliwa, siku baba yake, Reino Lahti, na wanaume wengine watatu walipochoka kuona vijana wa vyuo vidogo wakicheza wenyewe kwa wenyewe ziwani mpaka barafu inawapasukia. Vyuo vikubwa vilikuwa na timu zinazolipiwa kila kitu. Hivi vidogo viliwapa vijana jina la chuo walivae kifuani, basi. Viatu vya kuteleza, magongo, gari la safari, hayo wajitafutie. Kombe la kwanza lilikuwa birika la kahawa la Marlene lililopakwa rangi ya fedha, na hakulipata tena. Reino akawa katibu mkuu, na katibu mkuu akabaki.

Ndiye aliyeandika kanuni ya kutofika. Zamani zile timu zilikuwa na tabia mbaya: wenzao wanasafiri nusu siku kwenye theluji, wanafika, wanakuta uwanja mtupu. Reino akaandika kwamba timu itakayowaacha wenzake uwanjani mara mbili katika msimu mmoja inatoka kwenye shirikisho, isipokuwa barabara iwe imefungwa. Timu ya Dale ilikosa mara ya kwanza mwezi wa Novemba, nusu ya wachezaji walipoangushwa na mafua. Hapo hapakuwa na ubishi. Sasa ilikuwa Januari.

Reino aliingia viazi vikiwa mezani. Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la wilaya la kuondoa theluji, na barabara ya kwenda Iron Bay ilikuwa yake tangu ujana. Alining'iniza koti, akavua glavu moja moja.

"Pruitt wa timu ya Iron Bay amepiga simu karakana," alisema. "Anasema watu wamejaa uwanjani, barafu imemwagiwa maji iwe laini, na timu yake inacheza na kivuli."

"Theluji, baba," Dale alisema.

"Wapi?"

"Mlimani. Kabla ya daraja."

"Mlima ule nimeusafisha mimi. Saa kumi."

"Mimi nilifika pale saa kumi na moja."

"Nimeusafisha," Reino alirudia. Hakusema kwa hasira. Alikwenda kunawa mikono, akakaa, akasali, akala. Walipofika kwenye kahawa Dale aliuliza kama ataitwa kikaoni.

"Nahodha wa timu huitwa."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Ninapokaa siku zote."

Jumamosi Reino alikuwa kwenye sauna, kile chumba cha kuogea mvuke nyuma ya nyumba, akipanga kuni, Marlene alipomfuata na kuufunga mlango.

"Kanuni inasema katibu anaweza kuomba timu isamehewe," alisema.

"Najua inavyosema. Niliiandika."

"Basi omba."

"Kwa ajili ya mwanangu?"

"Kwa ajili ya vijana kumi na watatu. Mwanao ni mmoja wao. Reino, unajua Dale hakukaa chuoni kwa kupenda vitabu. Amebakiza miezi mitatu amalize. Ukimwondolea barafu, hiyo miezi hataimaliza."

Reino aliweka ukuni juu ya ukuni mwingine, akausawazisha. "Leonard Savoie alikaa jikoni kwangu," alisema. "Unakumbuka. Basi lao lilikufa njiani, injini imeungua kabisa, nikaiona kwa macho yangu. Alinisihi mpaka akatoa kofia. Nikamwambia kanuni haijui injini. Timu yake ikatoka, chuo chake kikafunga klabu, na mpaka leo tukikutana posta anaangalia ukutani. Nimwambie nini Leonard?"

"Leonard hayumo kwenye kikao."

"Yumo," Reino alisema.

Kikao kilifanyika Jumapili baada ya ibada, chini ya kanisa la Kilutheri, kwenye ukumbi wenye harufu ya nta na makoti yaliyolowa. Marlene alileta mkate wa iliki na kahawa, kama alivyoleta kila mwaka. Wajumbe wanne wa vyuo vingine walikuwa wameshakaa. Gordon Pruitt, mtu mnene mwenye uso mwekundu, ndiye alikuwa wa kwanza kuchukua kipande.

"Mama Lahti," alisema na mkate mdomoni, "wenzangu wanadhani shirikisho hili linaendeshwa na mumeo. Mimi najua ni huu mkate. Siku ukikosa iliki, tunavunjika."

Watu walicheka. Hata Reino alitabasamu kidogo, kichwani pa meza, karatasi zake zimepangwa mbele yake. Dale alikaa upande wa pili, amevaa tai ya baba yake. Marlene ndiye aliyemfunga asubuhi, na alipokuwa akiikaza Dale alimwambia, "Mama, usinitazame hivyo. Siendi kunyongwa."

Aliulizwa akaeleza. Alieleza vizuri, bila kupamba: upepo kutoka ziwani, gari lililokuwa limeshaingia mtaroni mbele yao, mlima usioonekana, vijana kumi na wawili nyuma yake. Hakusema habari ya kipa kulia. Alipomaliza, mjumbe mmoja alisema kwamba siku ile ile yeye mwenyewe alisafiri upande wa kusini na hakuona shida. Mwingine akasema kusini si kaskazini.

Pruitt aliipangusa midomo. "Jamani, sisi hatukuwepo. Katika chumba hiki barabara ile wanaijua watu wawili tu, na mmoja ni mshtakiwa." Akamgeukia Reino, na sauti yake ikawa laini. "Mzee Reino, uwanjani kwangu siku ile watu walinizomea, sikufichi. Lakini barabara ni yako. Ukituambia ilifungwa, mimi naandika ilifungwa, tunakunywa kahawa tunakwenda nyumbani. Ilikuwaje?"

Marlene alikuwa amesimama na birika. Alisikia maji yakichemka jikoni nyuma yake.

"Niliisafisha saa kumi," Reino alisema.

"Kwa hiyo ilikuwa wazi."

Reino alitazama karatasi zake. "Nilipoiacha, ilikuwa wazi."

Hapo Marlene aliliweka birika mezani. Kwa miaka yote ya ndoa yao alimsikia mtu huyu akiingia jikoni na kulalamika juu ya mlima ule. Upepo ukitoka ziwani, alikuwa akisema, nikifika chini nikageuza shingo, nyuma yangu hapaonekani kama nimepita. Naweza kuusafisha kutwa nzima nisiache alama. Alisema hivyo mara nyingi hata Dale akiwa mdogo alikuwa akimwigiza mezani, na Reino alikuwa akicheka. Sasa hakusema. Wajumbe walikuwa wakingoja aendelee, naye alikaa amenyoosha mgongo, mtu aliyejibu alichoulizwa.

"Baba," Dale alisema.

Lilikuwa neno moja tu. Reino hakuinua macho. Marlene alifungua mdomo, kisha akakumbuka yeye pale ni mama wa kahawa, hana kiti, hana kura, hajawahi kusema neno lolote katika vikao vile ila 'karibu' na 'kahawa bado ipo'. Akaufunga. Jambo hilo lilimuuma baadaye kuliko yote.

"Nahodha, una la kuongeza?" Pruitt aliuliza.

"Sina."

"Kuna ombi lolote kutoka kwa katibu?" Pruitt alingoja. Alingoja zaidi ya inavyopasa, akigonga meza taratibu kwa kidole, mpaka wengine wakaanza kutazamana. "Reino? Nimeuliza kama kuna ombi."

"Hakuna," Reino alisema. "Nahodha anaweza kutoka."

Dale alisimama, akarudisha kiti mahali pake. Alipopita kwa mama yake, Marlene alimnyoshea kipande cha mkate, kwa mazoea, hakujua hata anafanya nini. "Asante, mama, nimeshiba," Dale alisema kwa adabu, kama mgeni katika nyumba ya watu.

Wajumbe waliitoa timu kwenye shirikisho, na Marlene na Reino walirudi nyumbani wawili tu, wakipita kwenye kiwanda cha zamani cha shaba.

"Wamekuuliza habari za barabara," Marlene alisema, "ukawajibu habari za lori lako."

"Sikusema uongo."

"Hukusema. Ningejua la kukufanya kama ungesema uongo."

"Wangesema Lahti amemwokoa mwanawe. Kila kanuni niliyowahi kuisimamia ingekuwa takataka. Leonard angesema."

"Yule mtoto alibeba roho kumi na mbili garini," Marlene alisema. "Aliona mlima umefungwa akageuza. Wewe ndiye uliyemfundisha kugeuza, Reino. Akiwa na miaka kumi na sita ulimpandisha kwenye lori lako ukamwonyesha ni wapi watu hufa."

Reino alikamata usukani kwa mikono yote miwili. Walipofika nyumbani alikaa garini peke yake muda mrefu, injini imezimwa, mpaka vioo vikaingia ukungu.

Chuo hakikuchelewa. Kilikuwa kikitafuta sababu ya kuifunga timu tangu zamani, na timu isiyo na shirikisho ilikuwa sababu nzuri. Vijana waliambiwa waondoe vitu vyao uwanjani. Dale alikwenda na wenzake, akarudi na jezi kumi na tatu kwenye mifuko ya takataka kwa sababu hakuna aliyejua ziende wapi. Marlene alizifua zote, akazianika chini kwenye chumba cha tanuri la kupasha nyumba joto, na kwa siku kadhaa kila aliyeshuka kuongeza moto alipita katikati ya migongo ile yenye namba.

Dale aliendelea kwenda darasani wiki mbili, kisha akaacha, akawa anaamka akishatoka baba yake. Mezani walikuwa wakipeana chumvi. "Naomba chumvi." "Hii hapa." Ndiyo yaliyobaki kati ya watu wawili ambao zamani walikuwa wakigombana juu ya pasi na mabao mpaka Marlene anawafukuza jikoni.

Dukani, Marlene akiwa kwenye foleni na kikapu chake, alisikia sauti nyuma yake. Alikuwa Bernice Savoie, mke wa Leonard.

"Nimesikia," Bernice alisema. "Kumbe kanuni ni ya wote."

Watu wawili mbele waligeuka, kisha wakajifanya wanasoma maboksi ya biskuti. Marlene aliweka maziwa juu ya kaunta. "Ndiyo, Bernice. Ni ya wote. Mwambie Leonard afurahi."

Bernice alilipia vitu vyake upesi. Alimfuata mpaka nje, akasimama naye kwenye baridi, akihamisha mfuko wake mkono hadi mkono.

"Nilimwambia nikidhani atafurahi," alisema. "Miaka yote hii nilikuwa nangoja nimpelekee habari kama hiyo. Alinisikiliza, akasukuma sahani. Akasema, yule kijana ana kosa gani? Hajala vizuri tangu siku hiyo." Alimshika Marlene kiwiko kidogo, akamwachia. "Nisamehe maneno ya mle ndani. Nilikuwa nimeshayapanga zamani."

Mwishoni mwa Februari Dale alipata kazi kwenye karakana ya meli kule Duluth, kwa binamu wa Marlene. Alimwambia mama yake kwanza, na mama yake akamwambia baba. Reino aliuliza basi linaondoka lini. Akaambiwa alfajiri ya Jumatatu. Akaitikia kwa kichwa.

Siku hiyo theluji ilikuwa imeanguka tangu juzi. Marlene na Dale walipotoka, Reino alikuwa ameshaondoka na lori. Walidhani watapata shida kufika kituoni, lakini barabara kutoka mlangoni kwao hadi kituo ilikuwa imekwanguliwa mpaka lami ikaonekana nyeusi, pande zote mbili, hata kandokando ya kituo chenyewe, na changarawe imemwagwa pale abiria wanapopandia. Hapakuwa na barabara nyingine mjini iliyoguswa bado. Mwenye duka la mkabala alikuwa na koleo mkononi, anashangaa.

Dale aliitazama lami ile. "Leo amesafisha," alisema.

"Ndivyo anavyojua, mwanangu."

"Najua anavyojua, mama." Alimkumbatia, akamnusa nywele kama alivyofanya utotoni. Begi la hoki hakulichukua. Basi lilipopinda karibu na bandari, Marlene aliliona lori la wilaya limesimama pembeni, taa yake ya manjano inazunguka, na ndani yake mtu ameshika usukani. Basi halikupunguza mwendo.

Mwezi wa Aprili Gordon Pruitt alikuja mwenyewe, bila kupiga simu. Alikataa mkate, na Marlene akajua habari si njema.

"Tuko wanne," Pruitt alisema. "Chama cha taifa hakitambui shirikisho la timu nne. Nimezungumza nao, nimewabembeleza, nimewatukana. Wanataka tano. Bila Copper Landing tumekwisha, Reino. Wenzetu wawili wameshaomba kujiunga na shirikisho la jimbo la Wisconsin. Na mimi naomba wiki hii. Nilitaka uisikie kwangu."

Reino alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya meza ile ile. "Kwa hiyo hakuna shirikisho."

"Hakuna." Pruitt alizungusha kikombe. "Siku ile kanisani nilikufungulia mlango, mzee. Niliufungua mpaka mwisho, nikaushika kwa mkono. Kwa nini hukupita?"

Nje theluji iliyoyeyuka ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye paa.

"Ilikuwa imefungwa," Reino alisema.

"Nini?"

"Barabara. Upepo ulikuwa wa ziwani. Mlima ule ulijifunga nyuma yangu kabla sijafika darajani. Niliuona kwenye kioo. Saa kumi na moja asingepita mtu."

Pruitt alimtazama kwa muda. Uso wake mwekundu ulipauka, kisha akasimama akatafuta kofia yake, nayo ilikuwa mkononi. "Mimi unaniambia ya nini?" alisema taratibu. "Mimi nimekosa mechi moja. Mwambie mwenyewe." Mlangoni alimpa Marlene mkono, akaushikilia, akaenda.

Dale alikuwa akipiga simu mara moja moja, hana siku maalumu, na kila mara alizungumza na mama yake. Baba hajambo? Hajambo. Basi. Siku alipopiga, wiki kama mbili baada ya Pruitt kuja, Reino alikuwa jikoni akirekebisha bawaba ya kabati. Marlene alisikiliza habari za kazi, akasikiliza habari za chumba cha kupanga na mwenye nyumba anayekoroma. Kisha akasema, "Subiri kidogo," akamnyoshea Reino simu.

Reino aliiweka bisibisi juu ya kaunta. Alijifuta mikono kwenye suruali, mara mbili, akaichukua.

"Dale."

"Baba."

"Barabara ya Iron Bay," Reino alisema. "Siku ile ilikuwa imefungwa. Ungeendelea ungewaua. Nilijua ilifungwa. Nilijua pale pale nilipokuwa naulizwa."

Marlene alikuwa karibu kiasi cha kusikia vyuma vikigongwa kwa mbali upande wa pili, na mtu akimwita mwenzake.

"Najua, baba," Dale alisema. "Nilikuwepo."

Reino alingoja. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza hukumu na kuomba iendelee kusomwa, maana ikisomwa bado yuko chumbani. Lakini hapakuwa na zaidi.

"Ilipasa niseme," Reino alisema.

"Ndiyo." Vyuma viligongwa tena. "Nipe mama."

Marlene aliipokea simu. Dale alimuuliza kama theluji imeisha kwenye bustani, akamwambia amenunua viatu vya kazi vyenye chuma mbele, akasema mapumziko yamekwisha na msimamizi anamwangalia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na ukawaida huo ndio uliomtisha Marlene. Hakuuliza habari za baba yake. Akaaga.

Alipoitundika simu, Reino alikuwa bado amesimama pale pale ukutani.

"Amesema nini?"

Marlene alimtazama mumewe. Alikuwa amezeeka majira haya ya baridi. Kola ya shati ilikuwa imempwaya shingoni.

"Amesema atapiga Jumapili," alisema. "Amesema atataka kuzungumza na wewe."

Dale hakuwa amesema hivyo. Reino aliitikia kwa kichwa, akaichukua bisibisi, akamalizia bawaba. Jumapili ilipofika, kwa mara ya kwanza tangu waoane, alimwambia Marlene aende kanisani peke yake. Alivaa shati safi, akavuta kiti, akakaa karibu na simu.